Taa za LED za ziada kwa lori na gari la porini: maswali ninayoulizwa gereji

Mimi ni fundi umeme wa magari, Morogoro. Wateja wangu ni wa makundi mawili: madereva wa malori wanaopandisha mzigo kuelekea Iringa, Mbeya na Tunduma, na madereva wa Land Cruiser za utalii na za miradi wanaoingia Mikumi, Ruaha na Nyerere. Maswali yao kuhusu taa za LED yanafanana, na makosa wanayokuja nayo yanafanana zaidi. Nimeyaweka hapa karibu na vile wanavyoyauliza wenyewe.

Fundi, usiku sioni vizuri. Nifunge taa gani?

Kwanza nioneshe ulizo nazo. Gari nyingi zinazoletwa kwangu kufungwa taa za ziada zina taa za mbele ambazo plastiki yake imekuwa njano kwa jua, au zimelegea zinamulika matawi ya miembe. Nyingine zinapata umeme pungufu. Balbu ya H4 ya kawaida, ya halojeni, ni wati 60 kwenye fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwenye dimu (mwanga ulioshushwa), lakini hiyo ni kama umeme unafika wote. Halojeni haina huruma kwenye volti: ukipungukiwa asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Waya wa kiwandani uliochoka, swichi iliyoungua kidogo ndani na ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) yenye kutu vinatosha kabisa kukunyang'anya kiasi hicho.

Kwa hiyo nampimia mteja volti kwenye plagi ya balbu, injini ikiwa inawaka na taa zimewashwa. Nikikuta betri ina 13.8 na kwenye balbu inafika 12.2, namwambia aiache hela yake ya taa mfukoni kwanza. Tunasafisha ethi, tunaweka rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) na waya mpya, tunang'arisha vioo, tunapanga taa upya. Wengine huondoka hapo wakiwa wameridhika kabisa. Anayebaki na shida baada ya hapo ndiye mwenye haki ya kuendelea kusoma.

Hii imeandikwa wati 300. Si ndiyo kali kuliko ile ya wati 60?

Hapana. Na hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote, kwa sababu watu wanalipia namba.

Wati ni umeme ambao taa inakula. Hazikwambii mwanga unaotoka, wala unakwenda wapi. Tena mara nyingi hizo wati zenyewe si za kweli. Muuzaji huhesabu vidonge vya LED vilivyomo, kila kimoja anakipa wati 3, 5 au hata 10 ambazo kingeweza kubeba kwenye maabara, kisha anajumlisha. Mimi nina mita ya kupima ampea. Taa ya wati 300 kwenye betri ya volti 12 inapaswa kuvuta ampea 25. Nimepima taa zilizoandikwa hivyo zikavuta ampea 3 au 4, yaani wati zisizozidi 50. Kipimo hicho hakichukui dakika mbili. Mwombe fundi wako akifanye kabla hujatoboa bampa.

Lumeni ni afadhali kidogo, kwa kuwa zinahesabu mwanga. Lakini kuna lumeni za hesabu na lumeni zinazotoka kweli baada ya kupita kwenye kioo na baada ya taa kupata joto. Taa ya LED ikichemka mwanga wake unashuka, na isiyo na mapezi ya kutosha ya aluminiamu mgongoni hushuka ndani ya dakika chache. Kampuni makini huandika lumeni halisi kando ya zile za hesabu. Ukikuta namba moja tu, kubwa, ya duara, 30,000 hivi kwa taa inayoenea kiganjani, iache hapo hapo.

Kipimo ninachokiamini kwa taa ya kuona mbali ni laksi, yaani mwanga unaoangukia mahali, kwa umbali. Kampuni nzuri huandika, kwa mfano, "laksi 1 kwa mita 400". Maana yake ukisimama mita 400 mbele ya gari unapata mwanga wa laksi moja, ambao ni kama mara nne ya mwanga wa mbalamwezi kamili isiyo na mawingu. Umbali ukipungua nusu, mwanga unakuwa mara nne: mita 200 ni laksi 4, mita 100 ni laksi 16. Hesabu hii inakusaidia na kinyume chake pia. Taa inayodai kuona mara mbili zaidi ya nyingine lazima iwe na ukali mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana kuongeza taa ya pili inayofanana na ya kwanza hakukuongezei umbali kiasi unachotarajia.

Nichukue ya kumulika mbali au ya kutawanya?

Inategemea unakwenda kasi gani. Hilo tu.

Lori likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho kabisa anatumia kama sekunde moja na nusu mpaka mguu ufike kwenye breki: mita 33 zimekwenda bure. Kisha breki zenyewe, kwenye lami kavu na gari zima, zinataka mita 50 hivi nyingine. Jumla ni zaidi ya mita 80, kabla sijataja tela lenye mzigo wa tani 28, matairi yaliyochoka na mteremko. Taa ya dimu inakuonesha barabara kwa mita 40 hadi 60 tu. Kwa hiyo dereva anayekimbia 80 kwa dimu anaendesha kwenye giza, na Fuso bovu lililoachwa barabarani bila pembetatu, likiwa na matawi tu nyuma, analiona wakati limeshakuwa lake. Huyu anahitaji mwanga mwembamba unaokwenda mbali, wenye pembe ya nyuzi 10 hadi 20 hivi.

Mwenye Land Cruiser anayepita njia ya ng'ombe kwa kilomita 20 kwa saa hana kazi na mita 400. Anachotaka kuona ni korongo lililo upande wa tairi la kushoto, kisiki kwenye majani, na kona inayokata nyuma ya kichaka. Huyu nampa mwanga mpana, nyuzi 60 au zaidi. Akinunua taa za mbali ataona shimo la mwanga katikati na weusi pembeni, na macho yatamchoka kwa kuhamahama.

Zile taa ndefu za mstari zinazouzwa kama mchanganyiko huwa na vidonge vya katikati vya kumulika mbali na vya pembeni vya kutawanya. Kwa gari moja linalofanya kazi zote mbili zinafaa. Ila ushauri wangu, kama hela inaruhusu taa mbili ndogo nzuri au mstari mmoja mrefu wa bei rahisi, chukua mbili ndogo. Unaweza kuzielekeza kila moja peke yake, na moja ikifa unabaki na nyingine.

Nyeupe au njano?

Kwa barabara isiyo na vumbi wala ukungu, nyeupe ya Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 5,500 hivi. Usipande kwenye zile za 6,500 na kuendelea zenye ubuluu, hata kama zinapendeza kwenye picha. LED nyeupe kwa asili ni kidonge cha bluu kilichopakwa unga wa njano juu yake. Kidonge hicho cha bluu ndicho kilichowapa wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Unga ukiwa mwembamba, bluu inabaki nyingi, na bluu ndiyo inayochosha macho na kurudi usoni kwako kukiwa na unyevu hewani.

Watu huniambia njano inapenya vumbi. Si kweli kwamba inapenya. Matone ya ukungu na chembe za vumbi ni kubwa mno kiasi kwamba zinarudisha rangi zote karibu sawa. Ambacho njano ya Kelvini 3,000 inafanya ni kupunguza ule weupe unaokurudia na kukufanya ukunje uso, kwa hiyo unaendesha muda mrefu bila kichwa kuuma. Hiyo ni faida ya kweli na ninaifunga kwa moyo wote kwa wanaopita Njombe, Mbeya, au Kinale kule Kenya kwenye barabara ya Nakuru. Ila kinachokata ukungu hasa ni mahali taa ilipo na umbo la mwanga: iwe chini kuliko taa kubwa, mwanga wake uwe mpana na ukatike juu kama umekatwa kwa rula. Taa ya njano iliyofungwa kwenye keria, ndani ya ukungu, itakujengea ukuta wa njano.

Gari langu ni volti 24, taa ni za 12. Si nichukue umeme kwenye betri moja?

Tafadhali usifanye hivyo, na fundi akikushauri hivyo tafuta mwingine.

Lori, Fuso na Canter nyingi zina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Ukinyonya umeme kwenye betri moja, hiyo inapungua, lakini alteneta (mashine ya injini inayochaji betri) inachaji zote mbili kama kitu kimoja na haijui. Ile unayoinyonya haijai kamwe, mwenzake inachajiwa kupita kiasi mpaka inachemka maji. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, na dereva analaumu aliyemuuzia betri. Nimeona hivi kwa redio, kwa chaja za simu, na sasa kwa taa.

Uzuri ni kwamba taa nyingi za LED za kazi zina saketi ndani inayokubali volti 9 au 10 hadi 30 au 32. Soma kibandiko cha mgongoni. Kama kimeandikwa hivyo, ifunge moja kwa moja kwenye 24. Kama kimeandikwa 12 peke yake, badilisha taa, au weka konveta ya 24 kwenda 12. Na rilei yenyewe iwe ya volti 24. Ya 12 ukiiweka hapo koili yake itaungua.

Kwa nini rilei na fyuzi, wakati taa yenyewe ni ndogo?

Niliwahi kuletewa Canter iliyoungua dashibodi nzima. Dereva alifungiwa taa mbili safarini, gereji ya njiani, usiku, waya mwembamba wa spika umevutwa kutoka kwenye betri mpaka swichi ya ndani mpaka kwenye taa, hakuna fyuzi hata moja. Waya ulipita kwenye tundu la ukuta wa injini bila mpira. Mtikisiko wa barabara ulikwangua ganda la waya taratibu, shaba ikagusa bati. Betri ya lori ina uwezo wa kutoa mamia ya ampea kwenye shoti kama hiyo, na bila fyuzi hakuna wa kuizuia isipokuwa moto. Yule kijana alitoka salama, utingo wake aliungua mkono. Tangu siku hiyo sifungi taa bila fyuzi hata mteja akinisihi kwamba ana haraka.

Hesabu ni nyepesi. Gawa wati kwa volti. Taa mbili za wati 60 ni wati 120. Kwenye volti 12 ni ampea 10, kwenye 24 ni ampea 5. Fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko hapo, kama robo hadi nusu zaidi: kwa ampea 10 weka fyuzi ya 15. Ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya shubiri moja au mbili, kwa sababu kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Rilei ina miguu yenye namba, na namba hizo ni zile zile karibu kila mahali. 30 inapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi. 87 inakwenda kwenye taa. 86 inatoka kwenye swichi na 85 inakwenda ethi. Kwa mpangilio huu umeme mkubwa hauingii ndani ya gari kabisa. Swichi inabeba umeme mdogo wa kuamsha rilei tu.

Sasa unene wa waya. Kwenye volti 12, ampea 10 zikisafiri mita 5 kwenda na mita 5 kurudi kwenye waya wa milimita za mraba 1.5, unapoteza karibu volti 1.2 njiani. Kwenye waya wa 4 unapoteza chini ya nusu volti. Taa nzuri ya LED haitakuonesha hasara hiyo kwa kufifia, maana saketi yake inajitahidi kubaki na mwanga ule ule. Inachofanya ni kuvuta ampea zaidi kufidia, na waya ambao tayari ni mwembamba unazidi kupata moto. Kwa hiyo taa kuwaka vizuri si ushahidi kwamba kazi ya waya ni nzuri. Shika waya kwa mkono baada ya nusu saa. Kama ni wa moto, ni mwembamba.

Na uwe waya wa shaba. Siku hizi kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kwarua kwa wembe, ndani ukikuta weupe, urudishe dukani.

Nifunge wapi: kwenye keria, boneti au bampa?

Taa ya juu ya kibanda inaona mbali na inaonesha mashimo kidogo, kwa sababu mwanga unatoka juu ya jicho lako na vivuli vinajificha nyuma ya vitu. Taa ya chini inafanya kila shimo na kila jiwe litoe kivuli kirefu, unaliona mapema. Kwa barabara mbaya nachagua chini.

Keria ina shida nyingine mbili. Mwanga unaangukia boneti nyeupe na kukurudia usoni. Anayeng'ang'ania keria namwambia asogeze taa nyuma kidogo mpaka ukingo wa paa ukate mwanga huo, au apake boneti rangi nyeusi isiyong'aa. Pia taa ndefu ya mstari huko juu hupiga mluzi kwenye upepo kuanzia kilomita 70 hivi, na safari ya kwenda Mbeya ni ndefu.

Kwenye ngao ya mbele usizibe njia ya hewa ya rejeta. Mlima Kitonga ukiwa na mzigo hauhitaji sababu ya ziada ya kuchemsha injini.

Breketi nene kuliko unavyodhani inatosha. Kwenye njia za changarawe zilizokunjamana kama bati, breketi ya bati jembamba inakatika ndani ya msimu mmoja, na kabla haijakatika taa inatetemeka kiasi cha kukutia kizunguzungu. Kwa wa Tanga, Dar na Mombasa: boliti ya chuma kisichoshika kutu ndani ya mwili wa aluminiamu, na chumvi hewani, vinalana. Weka grisi kwenye nyuzi za boliti, la sivyo hutaifungua tena.

Nitamwumiza anayekuja mbele?

Ndiyo, ukifunga vibaya. Naomba usome jibu hili hata kama utaruka mengine.

Dereva akipigwa na mwanga mkali usoni haoni kitu kwa sekunde kadhaa hata baada ya wewe kumpita. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu za upofu ni mita 66. Katika mita hizo kuna mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa, kuna watoto wanaotoka kisimani, kuna basi lenye abiria 60. Barabara yetu kuu ina njia moja kila upande na hakuna ukingo katikati. Anayepofuka anakuja upande wako. Hata ukiwa mbinafsi kupita kiasi, huyo ndiye mtu unayetaka aone vizuri kuliko wote.

Kwa hiyo taa zote za kumulika mbali nazifunga zikitegemea fulu. Ule mguu wa 86 wa rilei naupitishia swichi, lakini umeme wake nauchukua kwenye waya wa fulu wa gari. Ukishusha dimu, taa za ziada zinazimika zenyewe, kwa kidole kimoja, bila kutafuta swichi nyingine gizani. Dereva anayeniambia anataka ziwake wakati wowote, hata akiwa dimu, simfungii. Nimekosa wateja kwa hilo na nitaendelea kuwakosa.

Taa za kutawanya za porini ni za porini. Zipe swichi yake, yenye kitaa chekundu cha kukukumbusha, na uzime kabla hujapanda lami.

Nchi zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa za magari zina njia nzuri ya kudhibiti jambo hili. Kila taa ya fulu iliyoidhinishwa ina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, mfano E1 Ujerumani au E4 Uholanzi, na kando yake namba ya ukali kama 17.5 au 37.5. Jumla ya namba hizo kwa fulu zote zinazowaka pamoja haitakiwi kuzidi 100. Hata kama trafiki wa hapa hakuulizi, hesabu hiyo ni kipimo kizuri cha kujiwekea. Ukishafika 100 unaona vya kutosha.

Nazipangaje?

Egesha sehemu tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, weka alama ya utepe ukutani kwa urefu huo huo. Kitovu cha mwanga kikae kwenye alama au chini yake kidogo, kisipande. Lori lipange likiwa na mzigo, maana mzigo ukikaa nyuma pua inanyanyuka na taa zote zinapanda.

Naweza kuweka balbu za LED ndani ya taa zangu za halojeni?

Sishauri. Kioo na kikombe cha taa vilichorwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali fulani hasa. Kidonge cha LED kina umbo lingine, mwanga unatawanyika, na dimu yako inakuwa fulu kwa anayekuja. Wewe unaona weupe mbele ya bampa unafurahi, kumbe umbali umepungua.

IP67, IP68, IP69K ni nini?

Ni namba za jinsi taa inavyozuia vumbi na maji. Tarakimu ya kwanza, 6, maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni maji: 7 ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, 8 ni zaidi ya hapo kwa masharti ya mtengenezaji, na 9K ni maji ya moto ya mkandamizo mkubwa, kama mashine ya kuoshea magari ikiwa karibu. Kwa lori linalooshwa kila wiki, 9K ina maana zaidi kuliko 68.

Lakini kuna jambo ambalo namba hizo hazisemi. Taa ikiwa ya moto kisha ikazamishwa ghafla kwenye mto wa baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia upenyo wowote, hata mdogo kama nywele. Unapokaribia kivuko, zima taa za chini dakika kadhaa kabla. Taa nyingi zilizojaa ukungu wa maji ndani nilizofungua zilikufa hivyo.

Nitatambuaje feki?

Uzito ni dalili ya kwanza. Aluminiamu ya kupoza joto ni nzito. Angalia waya unaotoka: mpira laini na plagi ya kujifunga yenye sili, au nyuzi mbili nyembamba zilizochomoza? Angalia kama maandishi yamechorwa kwenye chuma au ni stika. Hella, ARB, Lightforce na PIAA zinaigwa sana, mpaka boksi. Ukiuziwa Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya wakala, unajua umenunua nini. Simdharau anayenunua isiyo na jina, hela ni hela, na zipo zinazodumu. Ila apime ampea, aiwashe saa moja mezani, halafu aipige na maji ya bomba kabla haijapanda gari.

Alteneta itabeba?

LED ni nyepesi, kawaida ndiyo. Soma kibao cha alteneta, toa matumizi ya gari, uone kinachobaki. Kumbuka injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) alteneta inatoa pungufu sana, na ikizimwa haitoi kabisa, kwa hiyo usiache taa za kazi zikiwaka saa mbili wakati wa kupakua mzigo injini ikiwa imezimwa.

Redio inakoroma nikiwasha taa.

Saketi ya taa inatoa kelele. Peleka waya wa taa mbali na wa antena, ethi ya taa irudi betri moja kwa moja, na ubane kipande cha feraiti (pete nyeusi ya kuzuia kelele za umeme) kwenye waya karibu na taa. Kama bado, taa yenyewe ni mbovu; nzuri hupimwa kwa CISPR 25, kiwango cha kelele za umeme kwenye magari.

Nakwenda Kigali na Lubumbashi. Kuna tofauti?

Kuna, na wengi hawaifikirii. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Congo wanaendesha kulia. Dimu ya gari letu imechongwa kunyanyuka kidogo upande wa kushoto kuonesha ukingo wa barabara. Ukivuka Rusumo, mpakani mwa Rwanda, upande huo wa kushoto ndipo wanapokuja wenzako. Punguza kimo cha dimu ukivuka kama gari lina swichi ya kushusha taa, au bandika utepe mweusi kwenye eneo linalonyanyuka. Taa za ziada nyingi zina mwanga ulio sawa pande zote, hizo hazina shida, ilimradi zinazimika na fulu.

Na ndani ya hifadhi?

Barabara kuu inakatiza Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na hapo usiku taa ya mbali inasaidia kwa sababu macho ya mnyama yanarudisha mwanga kabla hujauona mwili wake. Twiga ana bahati mbaya: macho yake yako juu ya mwanga wako. Ukiona jozi ya macho, shusha dimu na upunguze mwendo. Mnyama aliyemulikwa fulu huganda pale pale au hukimbilia upande usioutarajia.

Matunzo?

Usifute vumbi kavu kwenye kioo cha plastiki, mwaga maji kwanza. Toa tope kwenye mapezi ya mgongoni, maana LED haitoi joto mbele bali nyuma. Kaza boliti baada ya kilomita 500 za kwanza, kisha kila ukibadilisha oili. Kwenye gari weka fyuzi tano za saizi yako na rilei moja ya akiba, na umwoneshe utingo zilipo, kwa sababu siku zitakapohitajika wewe utakuwa umeshika tochi.